Mwalimu wa darasani ndo huyohuyo wa tuisheni, nilipe?

SWALI: Habari dada, mi nauza dagaa hapa Igoma, Mwanza, binti yangu yuko darasa la tano shule ya serikali. Mwalimu wake wa hesabu anafundisha tuisheni jioni darasa hilohilo, jero kwa siku, Jumamosi buku. Baba yake anasema hatoi hata mia kwasababu sisi tulisoma bila tuisheni na tukafaulu, mi naogopa maana wenzake karibu wote wanabaki, na mtoto anasema asiyebaki mwalimu hamuulizi hata swali darasani. Nifanyeje? (Mama Wawili, Igoma)

JIBU: Mama Wawili, pole. Shemeji hajakosea ila anaongelea zama zingine kabisa.

Enzi zetu tuisheni ilikuwa ya darasa la saba, basi. Miaka ya 80 na 90 sekondari za serikali zilikuwa chache, darasa zima mnafanya mtihani wanachaguliwa watoto wa kuhesabu, kwahiyo mzazi mwenye uwezo anampeleka mwanae kwa mwalimu jioni, na mwalimu nae mshahara haumfikishi katikati ya mwezi. Mi nilisomea barazani kwa mwalimu kule Mabatini, ubao umeegemezwa kwenye tofali, na wenzetu ambao baba zao wavuvi walikuwa wanakuja na sato kwenye gazeti badala ya hela, mwalimu anapokea vizuri tu na kipindi kinaendelea.

Ukaja mpango wa serikali wa kukuza elimu ya sekondari, MMES, 2004, shule za kata zikajengwa, nafasi zikaongezeka, ungedhani tuisheni ingekufa. Wapi! Ilihama tu. Mtoto kasoma msingi miaka 7 kwa Kiswahili, akifika fomu wani masomo karibu yote Kiingereza, ndo ikazaliwa pri fomu wani, yani masomo ya kumwandaa mtoto kabla hajaanza sekondari, maana la saba wanafanya mtihani Septemba na shule inafunguliwa Januari. Hiyo mi naitetea kabisa, inaziba pengo ambalo lipo kweli. Ila baadae ikashuka la nne, ikashuka mpaka chekechea, na siku hizi mwalimu ana grupu la wasapu anatuma maswali usiku mzazi unalipia kwa simu.

Sasa binti yako. Kama yuko la tano mwaka huu 2026 maana yake yuko kwenye mtaala mpya ulioanza 2024, msingi anamaliza la sita 2027, la saba halimhusu tena, na sera mpya inasema elimu ya lazima ni miaka 10 yani mpaka fomu foo. Kwahiyo ile vita ya kugombania nafasi aliyopigana baba yake, huyu haipigani. Yeye anachohitaji ni kujua hesabu na kusoma vizuri, Kiingereza kikiwemo.

Leo jioni chukua daftari lake la hesabu la shule na daftari la tuisheni la rafiki yake anayebaki, yaweke pamoja uangalie tarehe. Kama mada zilezile zipo kote, tuisheni inarudia tu, na mtoto akielewa darasani humwibii kitu ukimwacha arudi nyumbani kupumzika. Kama mada zinaanzia daftari la tuisheni na la shule lina vichwa vya habari na mifano miwili tu, hapo unalipia kipindi ambacho mwalimu tayari analipwa na serikali kukifundisha asubuhi, na hilo mi linanikera sana kwasababu ada ya shule za msingi za serikali ilishafutwa, na Januari 2016 ya sekondari mpaka fomu foo ikafutwa pia pamoja na michango ya lazima, ili mtoto wa muuza dagaa asome sawa na wa bosi.

Na hilo la kutokuulizwa swali ndo zito kuliko hela. Nenda kwa mwalimu mwenyewe kwanza, kwa heshima, saa za kazi, umwambie mtoto anajisikia kuachwa. Asipobadilika nenda kwa mwalimu mkuu, afu kamati ya shule, wewe ni mzazi una haki ya kusikilizwa pale.

Hiyo jero na buku inafika 3,500 kwa wiki, 14,000 kwa mwezi. Ukiona kweli hesabu zinampiga chenga, tafuteni wazazi watatu wanne hapo mtaani mchange, mchukue mwalimu mwingine asiyewafundisha shuleni, siku mbili kwa wiki zinatosha, na hapo shemeji ataelewa maana anaona anacholipia.