Maswali na Majibu: Kontrola Iliyojaa Kupita Kiasi

Mfumo wetu wa wauza dagaa, ulioandikwa kwa Laravel (fremu ya PHP), una kontrola, yaani klasi inayopokea maombi ya watumiaji na kurudisha majibu, iitwayo MauzoController yenye mistari 1,400. Nianzie wapi? (Kirumba, Mwanza)

Usianze kwa kukata. Andika kwanza majaribio ya ruti (anwani za mfumo) utakazogusa: tuma ombi, kagua jibu na kilichoingia kwenye hifadhidata. Bila hayo utajua umeharibu pale mteja atakapopiga simu. Kisha hamishia ukaguzi wa fomu kwenye klasi yake kwa `php artisan make:request`. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi.

Sasa chukua metodi ndefu kuliko zote, mara nyingi `store`. Kupunguza magunia ya stoo, kuandika mauzo na kuongeza deni la mteja viingie kwenye klasi moja, `RekodiMauzo`, ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, `DB::transaction`, ili kimoja kikikwama vyote vifutike. Klasi hiyo ipewe data iliyokwisha kukaguliwa, si ombi lenyewe. Ukiipa ombi, utapata shida kuiita kutoka kwenye foleni ya kazi za nyuma au amri inayojiendesha usiku. SMS ya risiti itoke baada ya muamala kukamilika. Ikitoka mapema, kisha hifadhidata ikafuta kila kitu, mteja atabaki na risiti ya mauzo yasiyokuwepo. Hapo ndipo umakini wako wote uwe, maana ni pesa za watu.

Nilihamishia kila kitu kutoka kwenye kontrola hadi klasi ya TiketiService, nayo imefika mistari 900. (Nansio, Ukerewe)

Umehamisha mzigo, hujaugawa. Kila tendo lipate klasi yake: `KataTiketi`, `FutaTiketi`, `HamishaSafari`. Jina likikulazimu kuweka "na" katikati, gawa tena.

Vipi nikigawa kontrola kwa trait (fungu la metodi linalochomekwa kwenye klasi)? (Nyegezi)

Hapana. Faili litapungua, lakini metodi zote bado zinashiriki `$this` ileile, yaani bado ni kitu kimoja.

Kontrola yangu ina metodi 20. Nyingi ni kama thibitishaMalipo na ghairiSafari. (Buswelu)

Jibane kwenye metodi saba za kawaida za Laravel: `index`, `create`, `store`, `show`, `edit`, `update`, `destroy`. Jina lisiloingia humo mara nyingi linaficha kitu kinachostahili kontrola yake. `thibitishaMalipo` iwe `store` ya UthibitishoMalipoController. Anwani za zamani ziache zilivyo.

Orodha ya mitumbwi 50 na mizigo yake inachelewa. Ni ukubwa wa kontrola? (Musoma)

Ukubwa hauchelewishi ukurasa. Kagua maulizo ya hifadhidata: ukisoma mizigo ndani ya kitanzi, yanakuwa 51: moja la mitumbwi, 50 ya mizigo. Ukitumia `Mtumbwi::with('mizigo')->get()` yanabaki mawili.