Mbegu zinaenda wapi? Kwa mnaoanza kliniki ya vasektomi

Mkianza kazi katika kliniki ya uzazi wa mpango hapa Nairobi, msidhani mwanaume aliyekuja kufungwa mirija ataanza kwa kuuliza kuhusu maumivu. Atainama mezani na kusema polepole, "Daktari, sasa hizo mbegu zitaenda wapi?" Mjibuni hilo kwanza. Korodani zinaendelea kutengeneza mbegu. Zikikosa njia huzeeka, huvunjika, na chembe za kinga huzimeza. Hazirundikani mpaka korodani zipasuke, ingawa hadithi hiyo mtaisikia kila wiki.

Sasa kinga. Mfumo wa kinga huzoea seli za mwili tangu mapema maishani, ilhali mbegu huanza kutengenezwa wakati wa kubalehe. Kinachozuia ugomvi ni seli za Sertoli, zilizoshikamana ndani ya korodani na kuzitenga mbegu na damu. Baada ya vasektomi, vipande vya mbegu huvuja, kinga huviona vigeni, na zaidi ya nusu ya wanaume hupata kingamwili, yaani protini za kinga za kupambana na vitu vigeni, dhidi ya mbegu zao wenyewe.

Je, zinamdhuru? Hofu hiyo ilipata nguvu mwaka 1978, kima waliolishwa kolesteroli kwa wingi walipoonekana kuharibika mishipa zaidi wakiwa wamefungwa mirija. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1984, uliofuatilia wanaume zaidi ya 10,000 waliofanyiwa vasektomi, haukuona ongezeko la ugonjwa wa moyo. Kwa hiyo mwambieni mteja bila kusitasita: kingamwili hizi hazimfanyi mgonjwa, wala hazipunguzi homoni za kiume.

Zinapoweza kuleta shida ni pale mtu anaporudi akitaka kufunguliwa, pengine ameoa upya. Mirija inaweza kuunganishwa vizuri, mbegu zikaonekana, lakini zimegandana na haziogelei. Ndiyo maana ushauri wa kabla ya upasuaji haufanywi kwa haraka, hata foleni ikifika nje.

Akirudi na kifundo kidogo kinachouma palipokatwa, mara nyingi ni kinga imezingira mbegu zilizovuja. Dawa ya maumivu hutosha. Homa na wekundu ni habari nyingine: tafuteni maambukizi.

Na msimtume kupima kingamwili, ni kumpotezea pesa. Kipimo anachohitaji ni cha manii, baada ya miezi 3. Aondoke na tarehe yake mkononi, na kondomu za kumfikisha hapo.