Cherero wa Pawaga: kwa nini hawaonekani Uyole?

SWALI

Mtaalamu, habari za kazi. Naishi Uyole, Mbeya, nalima viazi na parachichi. Likizo iliyopita mwanangu wa darasa la sita alikwenda kwa baba yake mdogo Pawaga, Iringa. Amerudi na habari za vikasuku vya kijani vyenye kichwa cheusi, mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka jicho. Anasema vilikuwa vikiingia na kutoka kwenye tundu la mgunga mkavu, kando ya shamba la mtama. Huku kwetu hatujawahi kuviona. Ni kasuku gani hao? Na mbona wako kule kwenye ukame, wakati huku kuna maji na kijani mwaka mzima? Shemeji anataka kuukata ule mgunga achome mkaa, na mwanangu amemwomba kwanza amkamatie jozi moja tuje tuiachie kwenye miti yetu. Inafaa?

JIBU

Mama, mwanao ana jicho zuri. Alama tatu alizozishika ndizo hizohizo ninazozitafuta mimi nikiwa porini. Aliowaona ni cherero wa kichwa cheusi, ambao kwa jina la kisayansi ni Agapornis personatus. Neno hilo la pili maana yake ni aliyevaa barakoa. Ni ndege wa sentimeta 15 hivi, uzito wake gramu 50 tu. Kasuku mwingine wa nyanda zetu, yule wa kahawia anayekaa kwenye miombo, ni mkubwa zaidi, sentimeta 22 hivi, wala hana ile kola ya njano inayozunguka shingo ya cherero hadi kifuani. Dume na jike wa cherero wanafanana, kwa hiyo asihangaike kutafuta baba ni yupi.

Kabla ya mengine, mwambie mwanao hili: ndege huyo kwao ni Tanzania peke yake. Eneo lake la asili linateremka kutoka nyika za kusini mwa Manyara, linapita katikati ya nchi, hadi nyika za Ruaha. Wanaoonekana Nairobi na Naivasha walifikishwa huko na watu. Ninapokuwa na wageni Hifadhi ya Ruaha, wapo wanaovuka bahari na kutaka kumwona huyu kabla hata ya kuulizia simba.

Sasa, kwa nini Pawaga na si Uyole? Wengi hudhani ni baridi au mwinuko. Lakini cherero huyu hufika hadi mwinuko wa meta 1,800 hivi, na Uyole iko karibu meta 1,800, yaani hamko mbali na mpaka wake wa juu. Kinachomfunga ni aina ya uoto. Yeye ni ndege wa nyika kavu yenye miti iliyoachana: migunga, mibuyu, miti ya manemane, na chini yake nyasi zinazokomaa mbegu baada ya mvua. Chakula chake kikubwa ni hizo mbegu za nyasi, na za migunga pia. Mtama na uwele akivikuta anakula, siwezi kumficha shemeji hilo. Ila asimchanganye na kweleakwelea, ambao hushuka kwa maelfu na kumaliza shamba. Kijani cha Uyole ni kijani kweli, mama, lakini kwa cherero viazi na parachichi si chakula chake, na mikaratusi haimpi pa kulala.

Hapo kwenye kulala ndipo kuna jambo lenyewe.

Cherero hawezi kujichimbia tundu kwenye mti mgumu. Mdomo wake ni wa kupasua mbegu, kuchuna maganda na kupandia matawi kama mguu wa tatu. Tundu anasubiri lichimbwe na wengine. Tawi linavunjika kwa upepo au kwa tembo, maji ya mvua yanaingia kwenye jeraha, kuvu inaozesha moyo wa mti pole pole, kigong'ota naye anaongeza la kwake. Mpaka lipatikane pango ambalo ndege anaweza kujificha ndani, miaka mingi imepita. Ndiyo maana nyika yenye miti michanga mitupu, hata iwe na nyasi kiasi gani, inaweza kukaa bila cherero. Na mikaratusi na misindano yetu ya huku juu inavunwa ikiwa bado mizima, haipewi nafasi ya kuzeeka na kutoboka.

Jike akishapata tundu, anachuna vipande virefu vya maganda na vijiti, anavibeba mdomoni na kujenga ndani yake kiota chenye paa. Hutaga mayai manne au matano mara nyingi, akayaatamia mwenyewe kwa siku 23 hivi huku dume akimlisha. Makinda hukaa ndani wiki sita hivi kabla ya kuruka. Hesabu mwenyewe: tangu yai la kwanza hadi kinda la mwisho kutoka ni zaidi ya miezi miwili, na muda wote huo familia nzima inategemea mti mmoja kusimama. Nje ya msimu wa kuzaa bado hulala humo humo kwenye matundu. Tena nafasi zenyewe zinagombewa: nyuki wanazitaka, hondohondo wanazitaka, kuzi na kindi pia. Mrina asali akipasua gogo kwa shoka ili afikie masega, amewafungia mlango wote hao kwa mpigo mmoja.

Kwa hiyo naomba umpigie shemeji simu leo. Ule mgunga mkavu anaouona kuni ni nyumba yenye watu ndani. Mkaa wa mti mmoja mkavu ni magunia machache, na tundu lile halitarudi wakati wa uhai wa shemeji. Kama lazima akate, akate miti mingine isiyo na matundu, na huo auache usimame hadi uanguke wenyewe.

Kuhusu jozi ya kuleta Uyole, jibu langu ni hapana, na naomba mlichukulie kwa uzito. Kwanza, sheria. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kukamata ndege wa porini kunahitaji kibali, na biashara ya cherero kuvuka mipaka inabanwa pia na mkataba wa kimataifa wa CITES. Kasuku wa porini wa nchi hii walikamatwa sana kwa ajili ya kuuzwa nje, na mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Pili, ndege wenyewe. Cherero ni wa makundi. Jozi iliyotolewa kwenye kundi lake na kuachiwa mahali pasipo na tundu wala mbegu inazozijua itahangaika siku chache, kisha itakufa kwa njaa au kwa mwewe. Tatu, hata wakipona kuna hatari. Naivasha cherero wetu aliwekwa pamoja na ndugu yake wa Serengeti, yule mwenye uso wa rangi ya chungwa, wakazaliana, na sasa huko kuna ndege chotara wasio wa upande wowote. Kasuku wa vizimbani nao wanaweza kubeba virusi vinavyoharibu mdomo na manyoya, kwa hiyo hata wale wa buluu wanaouzwa mjini wasiachiwe nje.

Lakini usidhani Uyole hamna sehemu yenu kwa ndege huyu. Cherero hula mbegu kavu, kwa hiyo lazima anywe maji kila siku. Mito kama Kimani, Chimala na Mbarali inatoka kwenye milima ya upande wenu, inashuka bonde la Usangu, kisha mto Ruaha Mkuu unayapeleka maji hayo Pawaga na hifadhini. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi. Kila chemchemi inayolindwa huko juu, na kila mfereji wa Usangu unaofungwa baada ya kumwagilia, vina maana kwa ndege aliyekaa juu ya mgunga wa shemeji.

Likizo ijayo mwanao aende tena, na daftari. Asimame hatua 30 kutoka kwenye mti, asiusogelee, jua likikaribia kuzama. Atawasikia kabla ya kuwaona: sauti nyembamba za haraka, kisha wanapita kwa kasi kama mawe yaliyorushwa. Ahesabu wanaoingia kwenye tundu, aandike tarehe na saa. Asubuhi arudi ahesabu wanaotoka. Akiona jike amebeba utepe wa ganda mdomoni, aandike hilo kwa herufi kubwa na aniletee.