Maswali na Majibu: Kivumbasha na Magugu Yanayofanana Nacho

Nyuma ya mikarafuu yangu, huku Konde, Pemba, pameota majani yanayonukia sana. Mama anasema ni kivumbasha, lile jani la kunukia la ukoo wa mrehani; jirani anasema ni gugu. Nimuamini nani?

Usianze na pua. Msimu wa karafuu, majamvi yakishatandazwa, pua ya mtu wa Pemba imejaa harufu ile ile ya kivumbasha kikubwa, maana vyote viwili vina mafuta ya eujenoli. Tena kuna vivumbasha vya jamii hiyo hiyo visivyonukia karafuu hata kidogo.

Anza na shina. Liviringishe vidoleni: lina pembe nne? Majani yametoka mawili mawili yakitazamana, kila jozi ikikingamana na ya chini yake? Basi huenda umo katika ukoo wa mrehani. Lakini gugu la jirani yako, ambalo wataalamu huliita Hyptis suaveolens na asili yake ni Amerika ya kitropiki, nalo lina yote hayo.

Kinachomaliza ubishi ni kikombe kinachobaki ua likishapukutika. Chuma kilichokauka, ukitazame penye mwanga. Cha kivumbasha huinama, na upande wa juu kina ulimi mmoja mpana wa mviringo, mfano wa kifuniko. Cha gugu kina meno matano membamba, makali kama sindano. Maua pia husaidia: ya kivumbasha ni meupe meupe, yamepangwa sita sita kwenye kishada kirefu nchani mwa tawi. Ya gugu ni ya buluu, yamejibana makwapani mwa majani.

Kama bado hakijachanua, ngoja. Jani peke yake limewapoteza wengi.

Mbegu zikitoa ute majini, si ndiyo mrehani?

Hapana. Mbegu za mrehani huvaa ute baada ya dakika chache, na za gugu hilo vivyo hivyo.

Mbuzi wangu wa Makunduchi alikula kichaka chenye harufu kali huko maweni. Sasa masikio yamevimba na macho yamekuwa ya manjano.

Hiyo ni dalili ya sumu ya lantana: shina la pembe nne lenye vimiba, jani linalokwaruza kama msasa, maua ya rangi mbili tatu katika kichwa kimoja, vitunda vinavyogeuka vyeusi. Sumu yake huharibu ini, kisha jua huunguza ngozi. Mtie mbuzi kivulini sasa hivi, mpe maji, umwite daktari wa mifugo leo. Usimrudishe malishoni hata akianza kula.

Kivumbasha changu kikikauka hakinukii tena. Kwa nini?

Umekianika juani, na mafuta yamepaa. Kata asubuhi umande ukishakauka, maua yakianza tu kufunguka, na usichukue zaidi ya theluthi ya kichaka. Funga vitita vyembamba, unene wa kidole gumba, uvining'inize vichwa chini penye kivuli na upepo. Kitita kinene huota ukungu katikati, hasa wakati wa masika. Siku jani litakapovunjika badala ya kupinda, litie kwenye chupa kavu yenye kifuniko.

Naweza kukitia kwenye kikuba, kile kifungu cha asumini na majani ya kunukia wanachovaa wanawake?

Waweza, lakini tia kijani kimoja tu. Kikizidi, asumini haisikiki. Kwa kikuba, mrehani bado ni bora.