Maji Mekundu ya Sabaki

Swali lenu la wiki hii linauliza: ni kitu gani katika uumbaji kinachokukumbusha kwamba Mungu amekusamehe? Mimi ni Mkristo, mkazi wa Malindi, na kitu chenyewe ni tope la mto.

Asiyekaa huku hudhani bahari yetu ni ya buluu mwaka mzima, kama ilivyo kwenye kalenda. Kaskazini kidogo ya mji, karibu na daraja la kwendea Mambrui, ndipo mto Sabaki unapoingia baharini. Huko juu Ukambani watu wanauita Athi, ukishapita Tsavo unaitwa Galana, ukifika kwetu ni Sabaki, na kote unakopita unachukua udongo wa mashamba ya watu. Mvua za vuli zikinyesha bara, mto hushuka mwekundu. Na kwa kuwa wakati huo kaskazi imeshaanza kuvuma, wekundu ule husukumwa kuja kusini, ukatanda mbele ya mji mzima, ukaelekea hata kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Ukitia miguu majini unatoka na tope kwenye kucha.

Majira hayo nilikuwa siyapendi kabisa, na ilikuwa na sababu.

Kaka yangu mkubwa ana boti ya kutembeza wageni. Miaka kadhaa iliyopita alinipa shilingi 60,000 nimwekee, azitumie kununua injini. Nilizitia kwenye biashara ya mitumba nikitumaini kuzirudisha kabla hajaziulizia, mzigo ukatoka mbovu, pesa zikapotea. Aliponiuliza nikasema zimeibwa. Sikumtaja mtu. Lakini kulikuwa na kijana wa Mambrui aliyemsaidia kazi botini, aliyeingia na kutoka nyumbani kwangu kama mtoto wa nyumba. Kaka akaniuliza kama ni yeye. Nikanyamaza. Kijana akafukuzwa kazi jioni ileile.

Nilitubu, sina hesabu ni mara ngapi. Kanisani, chumbani, kwenye mikesha. Andiko la 1 Yohana 1:9 nalijua kwa moyo na nimewafundisha watoto wa shule ya Jumapili. Lakini kila nikiinuka kwenye magoti, uso wa yule kijana ulikuwa palepale.

Novemba moja nilitembea kwa miguu hadi mlangoni mwa mto. Nilimkuta mzee mmoja mvuvi ameketi mchangani, ameutandaza wavu mapajani, anaziba matundu. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee, bahari imeharibika." Hakuinua macho. Akasema, "Haijaharibika, mwanangu. Hiyo kaskazi inatuletea tu. Ngoja kusi." Akakata uzi kwa meno, akaendelea na kazi yake.

Nikasimama pale muda mrefu. Maji ya mto yalikuwa yakiingia kwa nguvu, na mbele yake ulionekana mstari, huku mwekundu, kule kijani, kama kitambaa kilichoungwa. Mto ulimwaga na kumwaga, na bahari ikapokea. Wimbi likaja, likavunjika juu ya yale maji mekundu, na povu lake lilikuwa jeupe. Nililitazama povu lile mpaka macho yakaniuma. Kitabu cha Isaya kinasema, "Dhambi zenu zijapokuwa nyekundu sana, zitakuwa nyeupe kama theluji." Theluji sijawahi kuiona maishani mwangu, na mstari huo niliusoma miaka mingi bila picha yoyote kichwani. Sasa ninayo.

Kusi ilipoingia, lile tope likasukumwa kwenda upande mwingine, kama mzee alivyosema. Kufikia Septemba nilisimama ndani ya maji ya magoti nikaona vidole vyangu vyote kumi na kivuli cha samaki wadogo wakipita katikati yake.

Lakini tope halikuyeyuka, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wenzangu wanielewe. Muulize mzee yeyote wa Malindi atakuambia ufuo wa mbele ya mji umeongezeka. Majumba yaliyojengwa karibu na maji, leo unatoka mlangoni unatembea mchanga mpaka uchoke ndipo ufike baharini. Ule ni mzigo wa mto, umetua. Mlangoni mwa mto penyewe, kwenye tope hilohilo, imeota mikoko. Kuna mti wa mchu, mizizi yake inachomoza juu ya matope kama vidole. Chuma jani lake, liguse kwa ulimi: ni chumvi tupu. Mti ule unaishi kwenye maji ya chumvi, na chumvi unayoinywa unaitoa kupitia majani, leo, kesho, kila siku. Nimeuonja mara nyingi, na kila mara nimeona haya kidogo kwamba nilitaka kutubu mara moja tu nimalize.

Mika anasema Mungu atazitupa dhambi zetu zote katika vilindi vya bahari. Naamini hivyo kabisa, na naamini kwa sababu ya Kristo. Mto haukunifia msalabani, na bahari haina uwezo wa kunisamehe. Inanikumbusha tu. Ila kile nilichomtwika yule kijana kilikuwa kimetua kwake, hakikwenda vilindini, na hakuna kusi ambayo ingekuja kumwondolea kama mimi mwenyewe sikufungua mdomo.

Nilianza na kaka. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kwa nini sikumwambia, kisha akalia, tukalia wote. Nimemlipa pesa zake kidogo kidogo zikaisha. Tukaenda naye Mambrui tukamkuta yule kijana, sasa ana mke na mtoto, anafanya kazi ya kuchoma mkaa na kibarua cha hapa na pale. Kaka alimwomba radhi, nami nikamwomba radhi mbele ya mkewe, nikaeleza kila kitu bila kujitetea. Alitusikiliza. Akatuletea maji ya kunywa. Hakusema ametusamehe, wala hakusema hajasamehe, na sikuona kama nina haki ya kumdai neno.

Tangu siku ile kila Idi humtumia ujumbe wa kumtakia heri yeye na nyumba yake. Mara mbili hakujibu. Idi iliyopita, saa nne usiku, simu ikalia. Alikuwa ameandika: "Ahsante, dada. Mtoto ameanza shule."