Shangazi, nilipe 27,000 ili niache kuogopa gwaride?

*Shangazi, habari ya huko? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kakamega, nina miaka 38. Muhula uliopita nilipandishwa cheo nikawa naibu wa mwalimu mkuu, na tangu siku hiyo sina amani. Ijumaa nikisimama mbele ya gwaride koo linakauka, magoti yanacheza, Kiingereza chote kinanitoroka. Siku hizi namsukumia mwalimu wa zamu, na wenzangu wameanza kunong'ona. Ajabu ni kwamba mwaka jana kwenye mazishi ya mama niliongea nusu saa kwa Kiluhya na waombolezaji wakalia. Utotoni nilivishwa diski shuleni wiki nzima, sijui kama ni hiyo.*

*Sasa kuna bwana mmoja Kisumu anayefanya hipnotherapia, ile tiba ya kumtuliza mtu na kumwongoza kwa maneno. Anataka vikao 6, kila kimoja 4,500, zote zitangulie, na ameahidi uoga hautarudi tena maishani. Zamu yangu ya chama ni mwezi huu, kwa hivyo pesa ninazo. Mume wangu alisikia nusu ya habari akasema huo ni uchawi wa kizungu. Bei sijamwambia. Nifanyeje?*

*Mwalimu Mwoga, Kakamega*

Mwalimu wangu, nianze na pesa kwa sababu ndizo zenye haraka. Usitume. Mtu hajakuona, hajakuuliza unalalaje wala kama una kifafa au unasikia sauti, lakini tayari anajua kwamba utahitaji vikao 6 na si 3. Tena anakuapia maisha mazima! Hata daktari anayekutibu malaria hakuapii kwamba haitarudi, na malaria ina dawa. Akikubali umlipe kikao kimoja baada ya kingine, mnaweza kuendelea kuzungumza. Akikataa, umejiokolea hizo 27,000 pamoja na nauli ya kushuka Kondele mara 6.

Tuje kwa uchawi. Mwambie mzee hayuko peke yake, kwani mfalme wa Ufaransa alikuwa na shaka kama yake mwaka 1784. Paris nzima ilikuwa inamkimbilia daktari mmoja, Franz Mesmer, aliyedai kuna nguvu kama ya sumaku inayopita mwilini na kuponya. Mfalme akaunda tume ya wataalamu, akiwemo Benjamin Franklin, balozi wa Marekani huko. Basi wakamchukua mvulana wa miaka 12, wakamfunga macho, wakamwingiza katika bustani ya Franklin ambamo mti mmoja tu ulikuwa umetiwa hiyo "sumaku". Mtoto akaukumbatia mti wa kwanza, jasho likamtoka. Wa pili, kichwa kikamuuma. Kufika wa nne akazirai. Mti wenyewe uliotiwa nguvu ulikuwa bado hajaufikia.

Tume iliamua kwamba sumaku hakuna, ni mawazo ya mtu tu. Wengi huicheka hadithi hii, lakini mimi hainichekeshi sana. Mawazo matupu yalimlaza mtoto chini! Na wewe unajua habari hizo: gwaride halijawahi kumpiga mwalimu yeyote, ila magoti yako hayajaambiwa.

Hicho kilichobaki sumaku ilipotupwa ndicho hipnosi. Jina lilienezwa miaka ya 1840 na James Braid, daktari wa upasuaji wa Manchester, kutokana na Hypnos, mungu wa usingizi wa Wagiriki wa kale. Baadaye alijuta, maana aligundua si usingizi hata kidogo, akajaribu kulibadilisha. Wapi! Jina likishashika limeshika.

Umewahi kupanda matatu Kisumu ukiwa na jambo moja kichwani, ukashtukia uko Chavakali, na Kiboswa na Majengo hukuziona zikipita? Ni karibu na hapo. Anayekuhudumia anakukalisha kitini, anakuelekeza kupumua polepole na kushikilia wazo moja, kisha anakuambia ujione gwarideni ukiwa umetulia. Unamsikia. Ukitaka kufungua macho na kuondoka, unaondoka. Wengine huzama upesi, wengine hawazami kabisa, na hilo si kipimo cha akili ya mtu.

Inasaidia? Kwa baadhi ya mambo, ndiyo. Uingereza hutumiwa kwa wenye tumbo la kujisokota ambao dawa zimewashinda, na kuna wanaopunguziwa maumivu. Kwa kuacha sigara, watafiti waliokusanya majaribio mengi na kuyapima mwaka 2019 hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba inashinda njia nyingine. Kwa hofu kama yako mimi ningeiita mchuzi. Ugali ni kujizoesha kidogo kidogo kile unachokiogopa, na mchuzi pekee haushibishi.

Kuna mlango mmoja usimfungulie. Akikuambia "turudi utotoni tukatafute mzizi", kataa. Mtu aliyezamishwa hivyo anaweza kutunga kumbukumbu ya jambo ambalo halikutokea, na akaapa kwamba alikuwepo. Wewe huhitaji kutafutiwa. Diski umeikumbuka mwenyewe, ukaiandika kwa mstari mmoja na kukimbia.

Mimi sikukimbia nawe. Kwa wasiojua, diski ni kile kipande kilichoning'inizwa shingoni mwa mtoto aliyekamatwa akiongea lugha ya kwao, akizunguka nacho mpaka amnase mwenzake. Sasa soma barua yako tena. Uliongea nusu saa kaburini kwa mama yako, siku ambayo wengi hatuwezi hata kutaja jina la marehemu, na hukutetemeka. Basi huogopi watu, Mwalimu. Unaogopa kukosea Kiingereza mbele ya watu.

Kwa hivyo kabla ya Kisumu, nenda kwa mwalimu mkuu. Mwombe gwaride moja la wiki ulifanye kwa Kiswahili. Si upendeleo, Katiba ya 2010 imekifanya lugha ya taifa, na pia lugha rasmi bega kwa bega na Kiingereza. Wiki mbili hivi, kisha ongeza sentensi moja ya Kiingereza mwishoni, ile ya kuwaambia watoto waende darasani. Moja tu. Ijayo, mbili. Jioni watoto wakienda nyumbani, simama katika darasa tupu uyaseme matangazo ya kesho kwa sauti. Ukikosea, rudia hapo hapo, usiombe radhi.

Muhula ukiisha na magoti bado yanacheza, mtafute mshauri nasaha au mwanasaikolojia. Taaluma hizo zina sheria yake tangu 2014, kwa hivyo muulize waziwazi kama amesajiliwa, wala asinune. Huyo akitumia hipnosi ndani ya kazi yake, sina neno.

Mzee mwambie bei leo usiku. Atapiga kelele kidogo, halafu msomee ile ya mvulana na miti.

Kuna jambo hukuniuliza, nami limenikaa. Hapo shuleni kwenu, hiyo diski bado inazunguka? Maana siku hizi naibu ni wewe.