Hesabu kabla ya kuzalisha: ushauri kuhusu michanganyiko ya data na funksheni inayojiita yenyewe

Mara ya kwanza nilipotakiwa kuzalisha aina zote za bidhaa kutokana na sifa zake, niliandika vitanzi vitatu, yaani amri za kurudia hatua kwa kila kipengele cha orodha, kimoja ndani ya kingine: cha nje kilipita kwenye rangi, cha kati kwenye saizi na cha ndani kwenye kitambaa. Shati lenye rangi 3, saizi 4 na vitambaa 2 lilinipa mistari 24, nikaona kazi imekwisha. Baada ya muda mfupi mwenye mfumo akaomba sifa ya nne, nami nikaongeza kitanzi cha nne. Kisha akaomba sifa ambayo baadhi ya bidhaa zinayo na nyingine hazina, nikaanza kupachika masharti ndani ya vitanzi, hadi msimbo ule ukawa hausomeki hata kwangu mimi niliyeuandika. Tatizo halikuwa wingi wa vitanzi. Idadi ya vitanzi nilikuwa nimeiandika kwa mkono, ilhali idadi ya sifa ilikuwa ndani ya data, na data hubadilika bila kumwomba ruhusa mwandishi wa programu.

Funksheni (kipande cha msimbo chenye jina) inayojiita yenyewe inaondoa tatizo hilo kwa wazo moja tu. Iweke kando sifa ya kwanza, itake funksheni ileile ikuletee michanganyiko yote ya sifa zilizobaki, kisha kila chaguo la sifa ya kwanza ulitangulize mbele ya kila mchanganyiko ulioletewa. Kwa Python, lugha ya kuandikia programu, inatosha mistari saba:

```
def zalisha(makundi):
    if not makundi:
        yield []
        return
    for chaguo in makundi[0]:
        for mkia in zalisha(makundi[1:]):
            yield [chaguo] + mkia
```

Mstari wa tatu, yield [], unaotoa mchanganyiko mmoja ulio tupu, ndio ulionisumbua kuliko yote. Katika jaribio langu la kwanza, sifa zilipokwisha nilirudisha orodha tupu, nikiamini kwamba pasipo na sifa hapana mchanganyiko. Programu ilikwenda hadi mwisho bila kulalamika na ikanipa matokeo sifuri. Nilitafuta kosa kila mahali isipokuwa hapo. Ukweli ni kwamba kutochagua chochote kuna njia moja kamili ya kufanyika, kwa hiyo jibu sahihi ni orodha yenye mchanganyiko mmoja, na mchanganyiko huo ndio ulio tupu. Tofauti hiyo ni sawa na tofauti ya 1 na 0 katika kuzidisha: ukianza na 1 kila kitu kinaendelea, ukianza na 0 hata sifa ziwe mia moja zao litabaki sifuri.

Sifuri hiyohiyo hurudi kupitia mlango mwingine. Mtumiaji akiongeza sifa inayoitwa «kitambaa» na kuihifadhi kabla hajaijaza machaguo, kundi moja linakuwa tupu, na aina zote 24 za shati zinatoweka kwa pamoja. Kihisabati programu haijakosea, lakini mwenye bidhaa hatakuelewa ukimwambia hivyo. Mimi siku hizi nakataa kundi tupu kabla ya kuanza, tena kwa ujumbe unaoitaja sifa yenyewe kwa jina. Wengine huliruka kimyakimya, jambo ambalo silipendi, kwa kuwa linamficha mtumiaji kosa alilolifanya mwenyewe.

Kabla sijaendelea, niseme wazi kwamba ikiwa data yako ni bapa, yaani orodha ya makundi yasiyotegemeana, huna sababu ya kuandika funksheni yako mwenyewe. Python ina zana iliyo tayari, itertools.product, tangu toleo 2.6 la mwaka 2008, nayo inafanya kazi hii vizuri na kwa kasi. Faida ya kujiita huonekana pale ambapo chaguo moja linafungua machaguo mengine ndani yake.

Tuchukue shati lilelile lenye rangi 3 na saizi 4, tuache kitambaa, kisha tuongeze sifa ya maandishi. Shati linaweza kuwa bila maandishi au lenye maandishi, na likiwa na maandishi tunahitaji kujua rangi ya wino, ambazo ni 2, na mahali yanapokaa, yaani kifuani, mgongoni au mkononi. Ukizidisha kila kitu kwa kila kitu utapata 3 × 4 × 2 × 2 × 3, yaani 144. Katika hizo, 72 ni mashati yasiyo na maandishi ambayo hata hivyo yamepewa rangi ya wino na mahali pa kuandika. Mashati halisi yasiyo na maandishi ni 12 tu, na 60 zilizobaki ni nakala zinazotofautiana kwa taarifa zisizo na maana. Niliwahi kuziacha ziingie kwenye hifadhidata nikidhani nitazichuja baadaye. Kuzichuja kulinichukua muda mrefu kuliko kuandika upya funksheni nzima, kwa sababu tayari kulikuwa na rekodi nyingine zilizofungamana na nakala hizo.

Kilichonikomboa ni kuiona data kama mti wenye nodi, yaani vituo ambapo matawi hugawanyika, za namna mbili. Nodi ya «na» inadai watoto wake wote wachaguliwe kwa pamoja, kama shati linavyodai rangi na saizi na maandishi. Nodi ya «au» inadai mtoto mmoja tu kati ya wote, kama saizi inavyokuwa ndogo au ya kati au kubwa au kubwa zaidi. Majani ni machaguo yasiyo na kitu ndani. Baada ya kuupanga mti hivyo, sheria zilizobaki ni mbili: kwenye «na» tunazidisha, kwenye «au» tunajumlisha. Sifa ya maandishi ni «au» yenye jani moja, «bila», na nodi moja ya «na» iliyobeba wino na mahali. Idadi yake ni 1 + 2 × 3, yaani 7, na shati zima ni 3 × 4 × 7, yaani 84. Hakuna nakala hata moja, wala hakuna sharti lililopachikwa katikati ya kitanzi.

Hapa ndipo ulipo ushauri ninaoutilia mkazo kuliko mwingine wote: andika funksheni ya kuhesabu kabla ya ile ya kuzalisha. Zina umbo moja, lakini ya kuhesabu ni fupi na haitengenezi chochote:

```
import math

def idadi(nodi):
    if nodi.aina == "jani":
        return 1
    hesabu = [idadi(m) for m in nodi.watoto]
    if nodi.aina == "au":
        return sum(hesabu)
    return math.prod(hesabu)
```

Ukipata 84 kwa karatasi na kalamu, na funksheni hii ikakupa 84, umeuelewa mti wako. Ikikupa 144, umekosea kuupanga, na umelijua kosa kabla ya kuandika rekodi hata moja. Isitoshe, hesabu hii ndiyo lango la usalama. Sifa 10 zenye machaguo 4 kila moja zinazaa michanganyiko 1,048,576, na sifa ya kumi na moja inaifikisha idadi hiyo 4,194,304. Mtumiaji anayejaza fomu haoni kwamba amebonyeza kitufe cha kuzidisha kwa nne, yeye anaona ameongeza mstari mmoja tu. Mfumo unapaswa kuhesabu, kulinganisha na kikomo ulichoweka, na kumwonyesha idadi kabla haujaanza kuzalisha.

Watu wengi huogopa kwamba funksheni inayojiita itavuka kina kinachoruhusiwa, yaani idadi ya miito iliyo wazi kwa wakati mmoja, mmoja ndani ya mwingine. Python kwa kawaida huweka kikomo cha 1,000, na kina cha kazi yetu ni idadi ya sifa au ngazi za mti, ambazo ni nadra kufika hata 20. Hatari iko kwenye upana, na dhidi ya upana neno yield lililo katika msimbo wa kwanza husaidia kwa kiasi fulani, kwa kuwa hutoa mchanganyiko mmoja mmoja badala ya kujaza kumbukumbu yote kwa mpigo. Hata hivyo kumbukumbu ikisalimika, muda hausalimiki: michanganyiko milioni nne itabaki kuwa milioni nne.

Kuna namna ya pili ya kuandika funksheni hii, ambapo unabeba njia uliyokwishapita na kuiteremsha kwenda ngazi ya chini badala ya kungoja mkia, yaani michanganyiko ya sifa zilizobaki, upande juu. Unaongeza chaguo kwenye orodha inayoitwa njia, unajiita, kisha unaliondoa chaguo hilo unaporudi. Nilipoijaribu kwa shati la sifa tatu nilipata orodha 24, idadi sahihi kabisa, lakini nilipozichapisha kwenye skrini kila moja ilikuwa mabano matupu. Nilikuwa nimeandika matokeo.append(njia), kumbe nilikuwa nimehifadhi orodha ileile mara 24, na kila nilipoondoa chaguo nilikuwa nikiliondoa katika zote. Kufikia mwisho wa safari njia ilikuwa imebaki tupu, na matokeo yote yakawa tupu pamoja nayo. Tiba ni kuhifadhi nakala, matokeo.append(list(njia)). Neno moja tu, lakini lilinigharimu jioni nzima, kwa sababu idadi iliyokuwa sahihi ilinifanya niamini kwamba na yaliyomo ni sahihi.

Pamoja na mtego huo, ninaichagua namna hii ya pili kila panapokuwa na masharti ya kukataza. Tuseme kitambaa kizito hakishonwi katika saizi ndogo. Ukizalisha kwa kuanzia mkiani, huwezi kujua kilichochaguliwa juu hadi mchanganyiko ukamilike, hivyo unatengeneza kisha unatupa. Ukiteremka na njia mkononi, unagundua mgongano mara tu chaguo la pili linapoingia, na unalikata tawi zima pamoja na kila kilichomo ndani yake. Kwa sababu hiyo ziweke mwanzoni sifa zinazogombana. Mpangilio huo haubadilishi matokeo, unabadilisha kiasi cha kazi isiyo na faida. Ila ukumbuke kwamba ukishaweka makatazo ya namna hii, hesabu ya «na» na «au» inakupa kiwango cha juu kabisa, si idadi kamili.

Limebaki suala la utambulisho, ambalo nililichelewesha mno. Mwanzoni niliupa kila mchanganyiko namba kufuata zamu yake ya kuzalishwa: wa kwanza 1, wa pili 2. Rangi mpya ilipoingizwa katikati ya orodha, namba zote zilizoifuata zilisogea, na rekodi za zamani zikawa zinaelekea kwenye mashati mengine. Sasa ninajenga ufunguo kutokana na yaliyomo, yaani kitambulisho cha sifa na kitambulisho cha chaguo kwa kila jozi, huku jozi zikiwa zimepangwa kwa utaratibu mmoja usiobadilika. Ninatumia vitambulisho badala ya majina, kwa kuwa jina likiwa na kistari na kistari hichohicho ndicho kitenganishi, michanganyiko miwili tofauti inaweza kupata ufunguo mmoja. Katika majaribio ninaweka funguo zote kwenye seti, yaani mkusanyiko usiohifadhi kitu kilekile mara mbili, na kudai ukubwa wa seti ulingane na idadi iliyotolewa. Nakala zikiwepo, seti itakuwa ndogo kuliko idadi, na jaribio litaanguka papo hapo.

Funguo hizo ndizo zinazoniwezesha kuzalisha upya bila kubomoa. Sifuti aina zote na kuziandika tena. Ninalinganisha seti mpya na ya zamani, funguo zilizomo kwenye zote mbili ninaziacha zilivyo, zilizo mpya ninaziongeza, na zile zilizotoweka ninaziwekea alama ya kufungwa, ili rekodi iliyokwisha kuzitaja iendelee kuelekea mahali palepale.